Aliyelia Katika Chumba cha Matangazo

Ilikuwa Novemba ya mwaka 1982, kipindi cha tatu, pale shule nzima ya sekondari ya chini ya Misakidai ilipoacha masomo ikasikiliza matusi. Yalikuwa yanatoka kwenye vipaza sauti vya kila darasa, kwa sauti ya msichana, nzito kidogo kwa sigara na isiyo na haraka.

"Bwana Kudo wa hisabati, leo ni siku ya nne na soksi zilezile. Wa viti vya mbele wameomba nikuambie, maana wao wanashindwa kufungua midomo, harufu itaingia."

Ghorofa ya pili ikaangua kicheko.

"Mwalimu mkuu Otaguro, zile nywele zako za upande wa kushoto zimechoka kubeba mzigo wa upande wa kulia. Zionee huruma, mzee wangu. Ziache zipumzike."

Kila mtu aliijua sauti hiyo. Alikuwa Hamuro Sakie, mwenye miaka kumi na mitano, binti wa mama mwenye baa ndogo nyuma ya stesheni. Sketi yake ilifagia sakafu. Nywele alizifanya za kahawia kwa dawa ya kusafishia vidonda. Mara mbili alikamatwa uwanjani akinusa tina ya kuyeyushia rangi ndani ya mfuko wa plastiki. Asubuhi hiyo alikuwa ameingia chumba cha matangazo, akajifungia.

Walimu wanaume walisimama ukumbini wakitazamana. Mwalimu wa michezo, ambaye kila siku alishinda getini na upanga wake wa mianzi, alisema mlango uvunjwe. Mwalimu mkuu akasema mlango ni mali ya manispaa. Ndipo jicho lake likamwangukia Kanbara Michiyo.

"Mwalimu Kanbara, nenda wewe. Wewe ni mwanamke mwenzake."

Michiyo alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mwenye miwani, mwalimu wa lugha ambaye sauti yake haikufika viti vya nyuma. Hakuwa na mume, aliishi na mama yake mzazi. Alikwenda, kwa sababu katika maisha yake hakuwahi kujifunza namna ya kukataa. Akabisha hodi.

"Nani?"

"Kanbara."

"Wa lugha? Wewe sina cha kukusema. Hata sura yako siikumbuki."

"Basi fungua uitazame."

Sakie alicheka, na kwa kuwa alicheka, akafungua. Michiyo alipoingia msichana aliusukuma mlango kwa kishindo, akageuza kitasa kwa nguvu zake zote, na mkono wa kitasa ukabaki kiganjani mwake. Kabla hawajasema neno, taa ikazimika. Kule chini mwalimu wa michezo alikuwa amekata umeme ili matusi yakome.

Chumba kile kilikuwa na upana wa mikeka miwili. Hakikuwa na dirisha, na kuta zilivikwa zulia zito ili sauti isitoke nje wala kuingia. Mtu angeweza kupiga kelele humo mpaka koo lipasuke na aliyesimama nje ya mlango asisikie kitu.

Sasa kuna jambo ambalo hakuna mtu pale shuleni aliyelijua. Mwezi wa Julai 1945, meli za kivita zilipoupiga mji wa Muroran kwa mizinga kutoka baharini, Michiyo alikuwa mtoto wa miaka sita ndani ya handaki na shangazi yake. Udongo uliporomoka ukaziba mlango. Walifukuliwa siku ya pili, na shangazi alikuwa amekwisha kufa tangu jana yake, mkono wake ukiwa bado umemshika mtoto. Tangu hapo Michiyo hakupanda lifti, wala hakukaa chumba kisicho na dirisha.

Kwa hiyo taa ilipozimika, aliupiga mlango kwa ngumi, akalia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuifahamu, akamwita shangazi, akatapika. Mwanzoni Sakie alicheka. Halafu akaacha kucheka.

"Ticha. Ticha! Vuta pumzi. Siyo hivyo, hivyo unajiua. Polepole. Nipe mkono. Mkono, nimesema."

Aliushika mkono ule na hakuuachia. Alikilaza kichwa cha mwalimu begani mwake, akamfuta matapishi kwa kitambaa cha shingoni cha sare yake, na kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi, akaanza kumsimulia habari za wateja wa mama yake. Kulikuwa na mchomeleaji mmoja wa kiwanda cha chuma ambaye kila Ijumaa alimposa mama Hamuro kwa magoti, akalia, akakubaliwa ili aende nyumbani, na kila Jumamosi akawa amesahau.

"Mama amekwisha kuolewa mara sabini, Ticha. Na bado anaosha glasi."

Gizani, na makamasi usoni, Michiyo alicheka. Walikaa hivyo karibu muda wa saa tatu, mpaka fundi alipoletwa kutoka kiwandani kuung'oa mlango. Waliposikia bawaba zikilia, Sakie aliuondoa mkono wake, akasimama hatua mbili kando, akatia kipande cha ubani wa kutafuna mdomoni.

Mlango ukatoka, mwanga ukaingia. Walimu wote walimwona Michiyo na macho yaliyovimba.

"Mmechelewa," Sakie akamwambia mwalimu wa michezo. "Huyu amenihubiria mpaka masikio yameota sugu. Mpaka machozi yamemtoka kwa kunihurumia. Haya, nipelekeni kwenye adhabu, nimechoka."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa mbele ya Michiyo, kwa heshima. Michiyo alifungua mdomo aseme ukweli, akamtazama msichana, na msichana akatikisa kichwa kidogo sana. Mdomo ukafungwa tena.

Basi mambo yakaanza hapo. Sakie alianza kuhudhuria vipindi vya lugha. Alikaa nyuma kabisa, miguu juu ya kiti cha mbele, na yeyote aliyepiga kelele alitupiwa kifutio cha ubao. Wenzake wa uwanjani wakamfuata. Mwalimu mkuu alipoona hivyo akampa Michiyo stoo iliyoitwa Chumba cha Pili, na wanafunzi kumi na mmoja ambao hakuna darasa lililowataka. Walikunywa chai humo, wakasoma kidogo, wakapigana kidogo, wakalala. Baadhi yao, kwa kweli, walitengemaa.

Michiyo alikuwa na tabia moja ya siri. Tangu utotoni alipenda kuchora, na mama yake alikuwa amemkataza akisema kazi hiyo haina pensheni. Sasa akaanza kuchora siku zake za Chumba cha Pili nyuma ya karatasi za mitihani iliyokwisha. Rafiki yake wa chuo, Bi. Tsukuda, alikuwa mhariri wa jarida la wanawake huko Tokyo, lililotoka kila mwezi. Michiyo alimpelekea kurasa chache ili wacheke pamoja. Jibu lilikuja kwa simu.

"Hii ni hadithi ya michoro, manga kamili, Michiyo. Mwalimu anasimulia maisha yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe! Nipe mwanzo. Ilianzaje?"

Ilianza katika chumba cha matangazo. Alikaa mezani Jumapili nzima akachora kama ilivyokuwa. Kila alipofika kwenye uso wake mwenyewe, mdomo wazi, miwani imepinda, kalamu ilisimama. Alichora mara tatu akachana mara tatu. Mara ya nne akamchora msichana anayelia na mwalimu anayemshika mkono. Mabadiliko yenyewe yalimchukua dakika ishirini tu. Aliyahamisha machozi kutoka uso mmoja akayaweka kwenye uso wa pili, na ukurasa ukakaa vizuri. Msichana alimpa jina jingine, Sae. Alijiambia kwamba mtoto mwenyewe ndiye aliyeuanza uongo ule.

Hadithi ilianza kuchapwa Aprili 1983, jina la Michiyo likiwa juu yake, na kabla ya Juni gunia la kwanza la barua lilikuwa limefika shuleni. Mwalimu mkuu alitia kurasa nne kwenye fremu akazitundika ukumbini. Ofisi ya elimu ya wilaya ikamwita Michiyo akahutubie walimu. Akina mama walimsimamisha sokoni wakamshika mikono. Kila mwezi kurasa kumi na sita, na kila kurasa kumi na sita ziishe vizuri.

"Wasomaji wetu wanasoma wakiwa wamechoka," Bi. Tsukuda alimwambia. "Mume amelala, vyombo vimeoshwa, miguu imevimba. Usiwamalizie kwa giza, tafadhali."

Katika Chumba cha Pili wanafunzi wawili wakipigana, Michiyo alijikuta akitazama ni upande gani mwanga unaangukia. Msichana akimweleza habari za baba yake anayepiga, sikio lilisikiliza lakini mkono mmoja ulikuwa unapima kwenye goti: hapa uso, hapa mkono, hapa maneno. Alijichukia, na mwezi ulipoisha alipeleka kurasa. Mama yake, yule aliyekuwa amemkataza kuchora, sasa aliwaonyesha majirani jarida kila linapotoka. Angeacha vipi? Angemwambia nani? Usiku alifungua madirisha yote ya nyumba na bado alihisi dari imeshuka.

Septemba alikuja mama mmoja kutoka Obihiro, safari ya nusu siku kwa treni, na binti yake aitwaye Chigusa. Mtoto huyo alikuwa hajatoka chumbani mwake miezi minane. Alikuwa amekubali kupanda treni kwa sharti moja tu, kwamba wanakwenda kwa mwalimu wa kwenye jarida. Michiyo alikaa naye peke yao. Alimuuliza hili na lile, akamwaga chai mara mbili. Chigusa alimtazama muda mrefu, halafu akalifungua jarida alilokuwa amelikumbatia, akatazama mchoro, akamtazama tena.

"Huyu hayupo," akasema.

Lilikuwa neno la pekee alilosema siku hiyo. Mama yake ndiye aliyeinama mpaka paji la uso likagusa meza akiomba radhi kwa utovu wa adabu wa mwanawe, na Michiyo, badala ya kumwinua na kumwambia mtoto amesema kweli, naye akainama. Wakarudi Obihiro kwa treni ya saa tisa.

Juma lilelile alisikia habari za Sakie. Sakie alikuwa amehitimu mwezi wa Machi akaingia saluni moja ya mjini kujifunza kazi. Alifanya vizuri, vidole vyake vilikuwa vyepesi. Lakini mji ni mdogo, na jina la Sae halikumficha mtu. Wateja walikuja kumtazama. Siku moja bibi mmoja, kichwa kikiwa kwenye sinki, akamwambia: "Ndiye wewe uliyelia kifuani kwa mwalimu? Maskini! Hebu nionyeshe ulivyolia." Sakie alimfungulia maji ya baridi mpaka yakaingia ndani ya nguo. Akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Michiyo alikwenda kwenye baa alasiri, kabla haijafunguliwa. Sakie alikuwa nyuma ya kaunta akichomeka nyama ya nguruwe na vitunguu kwenye vijiti vya mishikaki. Hakuinua macho.

"Mama hayupo. Kama umekuja kuposa, subiri Ijumaa."

"Nimekuja kwako, Sakie."

"Unachora kitu? Nikae upande gani?"

Michiyo alisimama pale pale. "Nimekuja kuomba radhi. Nilidanganya."

"Kwa kudanganya sikukasirika, Ticha." Aliendelea kuchomeka nyama, moja, kitunguu, moja. "Mimi ndiye niliyeanza, pale mlangoni. Niliona wale wazee watakucheka mpaka ustaafu. Ila mimi nilidanganya mara moja. Wewe unanidanganya kila mwezi, na picha juu."

"Nilijiambia kwamba haikuumizi."

"Sikiliza." Sasa alimtazama. "Katika maisha yangu nimevunja vioo, nimeiba, nimenusa takataka mpaka meno yakauma. Na nimefanya jambo moja zuri. Moja tu. Hakuna aliyeliona kwa sababu kulikuwa giza. Nilikuwa nalo moyoni, sikumwambia mtu, hata mama. Usiku nikishindwa kulala nilikuwa nalifikiria. Wewe ukalichukua ukalivaa."

Michiyo alivua koti, akanawa mikono, akakaa upande wa pili wa kaunta akaanza kumenya na kukata vitunguu. Sakie hakumfukuza. Sahani mbili zilipojaa, alisema tu, "Unavikata vinene. Nenda nyumbani."

Michiyo alimpigia simu Bi. Tsukuda siku hiyohiyo.

"Mwalimu analia, na mtoto wa baa ndiye anamtuliza?" Bi. Tsukuda alishusha pumzi. "Michiyo, watu elfu ngapi wanakuamini? Unataka kuwaambia kwamba umekuwa ukiwadanganya tangu ukurasa wa kwanza?"

"Ndiyo."

"Hapana. Kamilisha mwaka, halafu pumzika."

Mwalimu mkuu, alipoelezwa, naye alizungumza kwa upole, jambo lililomtisha zaidi kuliko kelele. Alimkumbusha kwamba Chumba cha Pili kilikuwa kinavumiliwa na ofisi ya wilaya kwa ajili ya jarida tu. "Ukilivunja jina lako, Mwalimu Kanbara, chumba kile kinarudi kuwa stoo kesho yake. Wale watoto utawapeleka wapi?" Na hilo lilikuwa kweli. Huku watoto kumi na mmoja, kule mtoto mmoja. Wiki mbili alizunguka ndani ya hesabu hiyo asione pa kutokea. Akinyamaza, Sakie atabaki kuwa yule aliyelia. Akisema, mlango wa wengine utafungwa. Alikonda mpaka mama yake akadhani ni ugonjwa.

Mwishowe alichora. Safari hii kalamu haikusimama usoni pake. Alichora handaki na udongo na mkono wa shangazi, mdomo wake wazi, matapishi kwenye kitambaa cha sare. Alimchora Sakie akisimulia habari za mchomeleaji. Ukurasa wa mwisho alieleza kwa maneno machache kwamba alichochapa mwezi wa Aprili hakikuwa kweli, na kwa nini. Alizipeleka kurasa siku ya mwisho kabisa, Bi. Tsukuda asipate muda wa kutafuta kitu kingine.

Simu ililia kesho yake.

"Nitaichapa," Bi. Tsukuda akasema. "Ndiyo bora kuliko zote ulizowahi kunipa, na nakuchukia kwa hilo. Ya mwezi ujao usilete."

Ilitoka Desemba. Barua zilikuja, chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa kali. Mwanamke mmoja wa Nagoya aliandika kwamba alikuwa akimsomea mwanawe hadithi zile kila mwezi, na sasa amwambie nini? Barua hiyo Michiyo aliijibu kwa kurasa tano, na hakujibiwa. Fremu ziliondolewa ukumbini wakati wa likizo ya mwaka mpya, misumari ikabaki ukutani. Mama yake hakusema naye mpaka Februari. Aprili, Chumba cha Pili kilijazwa viti vibovu, na Michiyo akapewa uhamisho kwenda shule ya walimu watano pwani ya mbali, ambako basi lilipita mara mbili kwa siku na upepo haukupumzika.

Wale kumi na mmoja walitawanywa kwenye madarasa. Wanane walivumilia mpaka wakahitimu. Watatu waliacha shule kabla ya majira ya joto, na mmoja wao, Toyama Kiyoko, alipelekwa shule ya kurekebisha tabia huko Sapporo. Michiyo alimwandikia kila mwezi kwa mwaka mzima. Mtu akimwambia kwamba alifanya jambo la ujasiri, alilitaja jina la Kiyoko, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sakie alilisoma jarida la Desemba. Mama yake alisema alinunua nakala sita akazigawa kwa wateja bila kueleza kitu, na kwamba mchomeleaji alijitambua akakasirika, akaposa Jumatatu. Kwa Michiyo hakuandika hata mstari. Majira ya kuchipua alikwenda Hakodate, akapata saluni ambamo hakuna aliyemjua, akaanza tena kwa kufagia nywele.

Miaka tisa ilipita. Michiyo alifundisha lugha pwani, akachora daftari baada ya daftari bila kumwonyesha mtu. Wazazi wachache waliomkumbuka bado walimfuata na watoto wao, na kila mara aliwaambia kwanza yale asiyoyaweza. Wengine waliondoka palepale. Waliobaki alikaa nao, dirisha wazi hata kwenye theluji, na hakuahidi kitu.

Mwaka 1993 alipata kadi kutoka Hakodate yenye ramani ndogo iliyochorwa vibaya na jina la saluni mpya. Akapanda treni. Ilikuwa saluni ya viti viwili karibu na kituo cha tramu, na mwenyewe alikuwa amenenepa kidogo, nywele nyeusi, mkasi mfukoni. Hakuna aliyetaja ya zamani. Sakie alimfunga kitambaa shingoni, akazipima nywele zake zenye mvi kwa vidole, akaguna.

"Nani amekukata hizi? Adui yako?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana. Kaa wima, Ticha. Ukiinama hivyo nitakukata sikio."

Michiyo akakaa wima.